Kuishi na Vumbi la Uarabuni: Mwongozo Kamili kwa Anayefanya Kazi Saudia na Kuwait

Mei 2022 ulikuwa mwezi wa vumbi kwa watu wa Ghuba. Dhoruba zilianzia Iraki zikafuatana, hii haijatulia na nyingine imeshafika. Uwanja wa ndege wa Kuwait ulisimamisha safari. Riyadh, hospitali zilipokea watu zaidi ya 1,200 wenye shida ya kupumua ndani ya siku moja. Dubai, Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828 lilipotea machoni mwa watu mchana kweupe.

Ndani ya nyumba za miji hiyo wamo ndugu zetu wengi: dada wa kazi, madereva, walinzi, wapishi, wauguzi. Anayeondoka Mombasa, Tanga au Kampala huwa ameshaonywa kuhusu joto. Kuhusu vumbi huwa haambiwi lolote, mpaka siku anaposhangaa mbingu imegeuka rangi ya manjano na koo linawasha.

Nimeandika mwongozo huu kwa mpangilio wa siku yenyewe ilivyo: kabla, wakati wa upepo, na baada yake. Sehemu ya usafi ni ndefu kuliko zote, na nimekusudia iwe hivyo. Upepo unapovuma, nyumba nzima imejifungia. Ukikatika, wenye nyumba huendelea kukaa ndani na dada wa kazi hupewa fagio atoke uani. Hapo ndipo watu wetu wanapovuta vumbi jingi zaidi.

Hatua ya 1: Ijue dhoruba inayokujia

Ziko za aina mbili kubwa, na kila moja inataka matayarisho yake.

Ya kwanza huletwa na shamali, upepo wa kaskazini-magharibi unaopita tambarare za Iraki, ukazoa udongo mkavu wa mabonde ya Hidekeli na Frati na kuumwaga Kuwait, mashariki ya Saudia, Bahrain, Qatar na Emirates. Kilele chake ni Juni na Julai. Huu hauji kwa kushtukiza. Watabiri huuona tangu jana yake, mbingu hufifia taratibu, na unaweza kuvuma siku kadhaa, ukipungua usiku na kupamba moto tena mchana.

Ya pili ni ya majira ya kuchipua, Machi hadi Mei, pale mawingu ya radi yanapoporomosha hewa baridi chini kwa nguvu. Hewa ile hutimua vumbi likasimama kama ukuta na kuja mbio. Watu wa Kuwait huita dhoruba za msimu huo sarayat. Hapa una dakika chache tu kati ya kuona ukuta na kufunikwa nao. Mara nyingi hauchukui muda mrefu, kisha hufuata mvua inayodondoka ikiwa imechanganyika na vumbi, ikaacha madoa ya tope kwenye kila kioo na kila gari.

Kuna hali ya tatu ambayo wengi huidharau. Upepo umekwisha, nje kumetulia, lakini mbingu bado nyeupe kama maziwa na jua unaweza kulitazama bila kufumba macho. Vumbi zito limeshaanguka, jepesi bado linaelea. Chembe hizo ndogo, ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha moja moja, ndizo zinazopenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Hewa hiyo inaweza kudumu siku nzima au zaidi. Usiihesabu kuwa ni siku ya kawaida kwa sababu tu miti haitikisiki.

Simu yako italeta tahadhari kwa Kiarabu, basi yashike maneno haya kwa sikio: *ghubar* ni vumbi, na Kuwait utasikia pia *toz*, *atriba muthara* ni vumbi linalotimuliwa na upepo, *asifa turabiya* au *asifa ramliya* ni dhoruba yenyewe, *ghubar aliq* ni lile vumbi linaloelea baada ya upepo. Saudia, kituo cha taifa cha hali ya hewa hutoa tahadhari kwa rangi: njano, chungwa na nyekundu. Ikifika nyekundu, mara nyingine shule nazo huhamia masomo ya mtandaoni, na wewe utakuwa na watoto nyumbani kutwa. Panga kazi zako ukilijua hilo.

Kama huna intaneti, tumia macho. Chagua kitu cha mbali unachokijua: mnara wa msikiti wa mtaa wa pili, au ile minara ya maji ya Kuwait yenye mistari ya buluu na nyeupe. Kipimo cha wataalamu wa hali ya hewa ni kilomita 1. Kitu kilicho umbali huo kikipotea kwa vumbi, hiyo ni dhoruba kamili.

Hatua ya 2: Jitayarishe kabla ya msimu

Mwezi wa Februari, kabla mambo hayajaanza, weka vitu hivi mahali pamoja.

Barakoa za kweli. Zitafute zilizoandikwa N95, KN95 au FFP2. Hizo zimetengenezwa kuzuia chembe ndogo. Barakoa nyepesi ya buluu ya hospitali huacha mwanya mashavuni, na mtandio au nikabu huzuia mchanga tu, vumbi laini hupita. Ukikosa kabisa, kitambaa kilicholowanishwa ni afadhali kuliko kutojifunika kabisa, ila usikitegemee kwa kazi ya saa nzima. Barakoa ikae barabara: bana kile chuma cha puani, puliza, na ukihisi upepo machoni irekebishe. Kwa madereva na walinzi wenye ndevu, jueni kwamba ndevu huacha njia ya vumbi pembeni.

Miwani ya kuziba macho, zile za mafundi zinazouzwa madukani kwa bei ndogo. Chupa ya maji ya chumvi ya kuoshea pua na macho kutoka duka la dawa. Selotepu pana. Taulo kuukuu kadhaa. Mafuta ya mgando kwa midomo inayopasuka.

Kama una pumu, dawa yako ya kupuliza iwe mbili: moja mfukoni, moja chumbani. Angalia tarehe ya kuisha. Mwambie mwajiri wako mapema, kabla ya siku ya vumbi, kwamba una ugonjwa huo: *indi rabu*. Najua wengine huficha wakiogopa kurudishwa nyumbani. Nakusihi usifiche. Mtu anayebanwa na pumu huku nyumba nzima haijui ana nini anaweza kufa akidhaniwa amechoka.

Kisha kagua chumba unacholala. Vyumba vya wafanyakazi mara nyingi viko juu ya paa au nyuma ya ua, na ndivyo vyenye milango isiyoziba sawasawa. Simama ndani mchana, zima taa, funga mlango. Kila pahali mwanga unapopenya, vumbi litapenya. Omba ule utepe wa sponji wa kubandika mlangoni. Unauzwa kila duka la vifaa, si ghali, na mwenye nyumba huelewa haraka ukimwonyesha mwanga wenyewe unavyoingia.

Hatua ya 3: Saa chache kabla

Anza na nje, ndani utamalizia.

Anua nguo zote, hata kama hazijakauka. Nguo mbichi ikipigwa na vumbi itafuliwa upya. Ingiza mazulia, matakia ya uani, baiskeli za watoto, viti vyepesi. Hakikisha mfuniko wa tangi la maji umefungwa, lakini kama tangi liko juu ya paa na upepo umeshaanza, usipande.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana udhaifu mmoja: vumbi huingia kwa chini, kwenye reli. Lowanisha taulo, likamue vizuri, lizungushe na ulilaze juu ya reli ukilibana kwenye kioo. Fanya vivyo hivyo chini ya mlango wa nje. Mlango mmoja tu ubaki wa kupita, mingine yote ibandikwe selotepu. Nyumba kubwa haiwezi kuzibwa yote, kwa hiyo chagueni chumba kimoja chenye madirisha machache, kizibeni sawasawa, na watoto, wazee na wenye pumu wakae humo.

Viyoyozi havifanani. Kile cha ukutani chenye sehemu mbili, moja ndani na nyingine nje, huzungusha hewa ya ndani, kwa hiyo hicho kiache kiwake. Kile cha dirishani kina kiswichi kidogo cha kufungulia hewa ya nje; hakikisha kimefungwa. Na kile cha maji, wanachokiita *sahrawi*, ambacho bado kiko katika nyumba nyingi za Saudia, kizime kabisa na uzibe mdomo wake. Hicho kinafanya kazi kwa kuvuta hewa ya nje. Kukiacha kinawaka siku ya vumbi ni sawa na kufungua dirisha.

Feni za jikoni na chooni nazo zifungwe. Vyombo visafi viingie kabatini au vifunikwe kwa kitambaa.

Hatua ya 4: Upepo unapovuma

Ukiwa ndani, kazi ni chache. Usifungue mlango kila mara kuchungulia. Usianze kufagia vumbi linaloingia, utalirusha tu, acha lilale. Kunywa maji.

Kuna hatari moja nataka uishike. Katika nyumba za Kiarabu, siku kama hii watu hupenda kuchoma udi na bukhuri ili kuondoa harufu ya vumbi. Chumba kimezibwa kila tundu, na makaa yanawaka ndani yake. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu na kumuua bila kumwamsha. Kama chetezo ni lazima, kiwe sebuleni penye nafasi, kwa muda mfupi, kisha kitolewe. Chumbani kwako kisiingie kabisa, na jiko la mkaa vilevile, hata wakati wa baridi.

Kwa walinzi na mafundi walio nje: ukuta wa vumbi ukionekana, shuka kwenye jukwaa au ngazi mara moja. Kaa mbali na kreni, mabati na vibao vya matangazo. Ingia jengoni au ndani ya gari. Ukikosa pa kuingia, jikinge nyuma ya ukuta imara, upe upepo mgongo, ziba pua na mdomo, fumba macho. Mlinzi ambaye hawezi kuacha lango afunge kibanda na avae barakoa humo humo.

Madereva, yenu ni haya. Barabara kuu za jangwani, kama zile za Riyadh kwenda Dammam, watu huendesha kwa kasi kubwa, na vumbi likishuka hupunguza mwendo kila mtu kwa wakati wake. Ajali za mfululizo huanzia hapo. Ukiliona vumbi mbele na bado kuna njia ya kutokea au kituo cha mafuta, ingia na usubiri. Ukishanaswa, punguza mwendo taratibu, washa taa za mbele zikiwa chini, na utafute pa kutokea barabarani kabisa. Kusimama kwenye njia ya dharura hakutoshi. Shuka mbali iwezekanavyo, ila kwenye ardhi ngumu.

Ukishasimama nje ya barabara, zima taa zote, pamoja na zile za kumweka za tahadhari. Vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye breki ili taa nyekundu za nyuma zisiwake, na usifungue mkanda. Haya ni maelekezo wanayofundishwa madereva wa Arizona, Marekani, jimbo lenye dhoruba za aina hiyohiyo, na sababu yake ni nzito: dereva wa nyuma asiyeona barabara hufuata taa anayoiona mbele akidhani gari lile linakwenda, akaja kukugonga. Uwe na maji garini siku zote, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kiwe kimebonyezwa.

Hatua ya 5: Usafi, na namna ya kuufanya bila kuumia

Neno la kwanza ni subira. Upepo ukikoma, omba saa mbili tatu kabla ya kugusa ua. Kwa mwajiri, sababu inayoingia akilini ni hii: vumbi linaloelea litaanguka tena juu ya kilichosafishwa, na kazi itarudiwa. Hiyo ni kweli tupu, na inalinda kifua chako.

Neno la pili: barakoa inavaliwa sasa. Nimewaona wengi wakiivaa upepo unapovuma nao wako sebuleni, kisha wakaivua kwenda kufagia. Geuza mpangilio huo. Funga nywele, vaa mikono mirefu, glavu na miwani.

Fagio kavu lisishikwe. Uani, nyunyiza maji kidogo, kiasi cha kulaza vumbi. Ukimwaga mengi utapata tope zito. Likusanye kwa koleo au kibao, litie mfukoni, funga mdomo wa mfuko, tupa. Baada ya hapo ndipo upige maji na kusukuma kwa kile kifagio cha mpira. Tope usiliache liende kwenye mashimo ya maji ya sakafuni. Likikaukia humo huganda, na wiki ijayo utakuwa unahangaika na maji yanayorudi.

Ndani, anza juu ushuke chini. Matundu ya kiyoyozi kwanza, kisha juu ya makabati, fremu za picha, taa, halafu meza, mwisho sakafu. Tumia kitambaa laini kilicholowa na kukamuliwa, ukikikunja mara mbili ili ugeuze upande kila kinapochafuka. Uwe na ndoo mbili, moja ya kusuuzia na moja ya maji safi, na ubadilishe maji mapema kuliko unavyodhani. Maji yakishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, unapaka tope badala ya kuondoa vumbi. Manyoya ya kupangusia yafiche mpaka wiki ipite.

Kioo, meza za kung'aa na rangi ya gari hazifutwi kavu. Vumbi la jangwani lina chembe ngumu zinazokwaruza. Mwagia maji kwanza yachukue kilicho juu, ndipo upitishe kitambaa. Reli za madirisha zisafishe kwa brashi ndogo ya rangi iliyolowa, ukimalizia kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye ncha ya kijiko.

Kioo cha nje cha dirisha la ghorofani si kazi yako. Usisimame kwenye kizingiti, usitoe mwili nje, hata ukiambiwa ni dakika moja tu. Kuna wanaofanya kazi hiyo kwa kamba na vifaa. Sema hapana kwa adabu, urudie hapana hiyo mara nyingi inavyohitajika.

Kifyonza vumbi ni kizuri kwa mazulia na makochi kama kina chujio zuri. Cha rahisi hurudisha vumbi laini hewani kwa nyuma. Ukiona chumba kinanuka vumbi unapokitumia, fungua madirisha ikiwa nje kumesafika, na uendelee kuvaa barakoa. Kukimimina, kipeleke nje, ukimiminie ndani ya mfuko. Shuka na foronya zikunje kwa ndani uzipeleke mashineni bila kuzikung'uta. Runinga na vyombo vya umeme, chomoa waya kwanza, futa kwa kitambaa kikavu laini sana.

Chujio la kiyoyozi lichomoe, lioshe kwa maji yanayotoka upande wa ndani kwenda nje ili vumbi lisukumwe lilikotoka, lianike kivulini likauke kabisa ndipo ulirudishe. Lililolowa huleta ukungu. Sehemu ya nje ya kiyoyozi, hasa ikiwa ukutani juu, ni ya fundi.

Mwisho wa kazi, vua nguo zile nje ya chumba chako na uoge mpaka nywele kabla ya kulala. Vinginevyo mto wako utakulisha vumbi usiku kucha.

Hatua ya 6: Mwili wako siku zinazofuata

Macho usiyasugue. Yaoshe kwa maji safi au ya chumvi, na lenzi za macho zisivaliwe kabisa siku hizo. Pua ioshe kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba moja kwa moja hapana. Kikohozi cha siku moja mbili na kamasi yenye rangi ya udongo ni jambo la kawaida, kunywa maji na vitu vya moto. Wenye pumu watumie dawa kama daktari alivyoelekeza, na wasingoje wabanwe sana.

Dalili za kwenda hospitali bila kujadiliana ni kupumua kwa shida hata umekaa, kushindwa kumaliza sentensi, kifua kuuma, midomo kubadilika rangi, dawa ya kupuliza isiyoleta nafuu ndani ya dakika chache, au homa inayofuatia kikohozi. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wa moyo wasisubiri hata dalili ziwe nyingi.

Maneno ya kusema kwa Kiarabu cha huko, yajaribu kwa sauti kabla hujayahitaji. *Abgha kimama*, nataka barakoa. *Sadri yawwirni*, kifua kinaniuma. *Ma agdar atnaffas*, siwezi kupumua. Hili la mwisho lijue kama unavyolijua jina lako, na lifundishe pia kwa mwenzako mgeni.

Namba za kuitia gari la wagonjwa: Saudia 997, na Riyadh 911 pia. Kuwait 112. Emirates 998. Oman 9999. Qatar na Bahrain 999. Ziingize kwenye simu leo, na ziandike kwenye karatasi uibandike nyuma ya mlango wa chumba chako, maana simu inaweza kuwa imeishiwa chaji au iko mikononi mwa mtu mwingine.